Mapenzi Yaliyosifiwa Gazetini

Mwalimu wetu wa kwaya alichukia kuambiwa "vizuri." Ukimwambia ameimba vizuri, alikutazama kama mtu aliyeomba chai akaletewa maji ya bomba. "Muzuri wapi?" aliuliza kwa Kiswahili chake cha Bukavu, kule Kongo. "Mwanzo? Katikati? Pale nilipanda, ao pale nilishuka?" Na ilibidi umjibu palepale mlangoni mwa ukumbi, watu wanapishana na viti vichwani, watoto wanakimbizana, na mvua ya Shard End, mtaa wetu wa Birmingham, inakungoja nje. Watu wazima wenye akili zao walitokea mlango wa jikoni ili wasikutane naye.

Mimi akili hiyo sikuwa nayo. Nilikuwa na miaka kumi na mitano, na haya zangu zilikuwa za kiwango cha kupitiliza kituo cha basi na kurudi kwa miguu, kuliko kubonyeza kengele na watu wote wakajua kwamba mimi, mtu muhimu sana, sasa nashuka. Jumapili aliyoniuliza mara ya kwanza nilisimama mbele yake mpaka ulimi ukakauka. Mwisho nikasema kitu pekee nilichokuwa nimekiona.

"Kabla ya neno la mwisho ulivuta pumzi. Niliisikia."

Mama alinifinya. Mwalimu akacheka. "Maman, huyu mutoto wako hasemi, njo maana anasikia."

Tangu siku hiyo akaniita Kimya. Kanisa zima likaniita Kimya. Jina zuri kabisa kwa msichana anayejaribu asionekane: sasa kila mtu alinitafuta kwa macho ili aone kama bado nimenyamaza.

Kwa haki nilikuwa mwanakwaya. Nilivaa sare, nilisimama mstari wa sauti ya kwanza, na nilichezesha midomo kama wale samaki wa tangi la kioo kwa daktari wa meno. Nilidhani hakuna anayejua. Mwalimu alijua tangu wiki ya kwanza, na hakunitaja hata siku moja. Alichofanya ni kukibeba kiti changu mwenyewe, akakipeleka mwisho wa ukumbi, akasema kwaya inahitaji mtu wa kukaa mbali asikilize kama maneno yanafika. Yakifika niinue mkono, yasipofika niushushe. Hiyo ndiyo historia yangu ya muziki. Wengine wana cheti cha piano. Mimi nimeinua mkono. Na hata kuinua mkono kulinitoa jasho.

Yeye mwenyewe aliimba sauti ya tatu, ile ambayo watu wa opera huiita tenor, na aliitunza sauti hiyo kama watu wengine wanavyotunza gari. Alifanya kazi kwenye kiwanda cha kufungasha saladi, ndani ya baridi kama ya friji, kwa hiyo alivaa mitandio mitatu shingoni, na wa tatu ulikuwa wa mke wake, wenye maua ya pinki. Kazini hakuzungumza kabisa, ili kuitunza. Msimamizi wake akaamini kwamba hajui Kiingereza, akawa anamwelekeza kwa mikono. Mwalimu naye akajibu kwa mikono. Waliishi hivyo miaka kadhaa, wakipendana sana.

Nyumbani alisukutua koo kwa maji ya moto, chumvi na tangawizi, kwa mlio uliomfanya jirani wa upande wa pili augonge ukuta. Sisi alitukataza aiskrimu, soda ya baridi na kupiga kelele. "Sauti inakaa tumboni," alisema. "Koo ni mulango tu. Ukiugonga-gonga mulango, mwenye nyumba atakasirika." Kisha Jumamosi timu yake ilifungwa kwenye televisheni, na Jumapili tukaongozwa na mtu anayenong'ona.

Alifundisha unyenyekevu vilevile. "Kwaya haina nyota," alituambia kila mazoezi. Ukifika wakati wa kugawa sehemu ya kuimba peke yake, aliangaza huku na huku ukumbini, taratibu, kama mtu anayetafuta funguo, halafu akashusha pumzi na kusema, "Basi, nitafanya mimi." Wanaume wengine wa sauti ya tatu, wote wawili, walitazama viatu vyao.

Opera ilimpata kwa sababu ya kinanda. Kanisa letu lilikodi ukumbi Jumapili tu. Siku nyingine ulikuwa wa karate, wa bibi na babu wanaocheza bingo, na wa sherehe za watoto. Jumatano ulikuwa wa kikundi cha Waingereza waliopenda kuimba opera kwa mapenzi tu, bila malipo, walimu na manesi na mwanamume mmoja aliyeuza mazulia. Mwalimu alisahau kinanda cha kanisa, akarudi kukichukua Jumatano, akawakuta wanafanya mazoezi. Kama kwaya zote duniani, walikuwa na wanawake wengi na wanaume wachache. Alisimama mlangoni na mitandio yake mitatu. Walipofika mwisho wa kipande akawarudishia kilekile walichoimba, bila maneno, lakini kwa sauti iliyojaa ukumbi mpaka jikoni. Alitusimulia kwamba yule bibi aliyepiga piano aliacha kupiga. Hawakumwacha aondoke. Kinanda chenyewe alikisahau tena.

Kiitalia hakukijua. Alikariri milio kwanza, maana akaja kuiuliza baadaye. "Ni kama Kiswahili," alituambia. "Kila herufi inafanya kazi. Siyo Kiingereza, nusu ya herufi ziko kwenye likizo."

Maana yenyewe ndiyo ilikuwa shida. Alipewa nafasi ya kijana anayempenda mchumba wa mtu mwingine. Katikati ya mchezo anamkumbatia. Mwishoni anachomwa kisu. Alifanya mazoezi ya kukumbatia nyumbani na mke wake, ambaye kwaya ilimwita Mama Kwaya ingawa hakuimba. Nilikuwepo siku moja, nimetumwa na mama kurudisha sufuria. Mwalimu alikuwa anaimba mapenzi ya kufa na kupona kwa Kiitalia, amemshika mke wake kiunoni, naye Mama Kwaya mkono mmoja uko kwenye mwiko.

"Kumbatia haraka, baba," alisema. "Bugali inaungua."

Alilialika kanisa zima. Tulikwenda wawili: Mama Kwaya, na mimi niliyetumwa na mama kwa sababu tiketi ilikuwa ya bure. Ilikuwa ukumbi wa chuo mjini, wenye viti vya kujikunja. Mama Kwaya alivaa kitenge kipya na kilemba kirefu hivi kwamba mzee wa nyuma yetu alihama bila kusema neno, akatuachia safu. Nilitamani kuhama naye.

Niseme kweli, aliimba kuliko nilivyowahi kumsikia. Kanisani alikuwa anapigana na ngoma, na spika yenye kikohozi, na watoto. Kule palikuwa kimya, na sauti yake ilipotoka ilikuwa kama mtu amefungua dirisha chumba kilichojaa moshi. Wazungu waliokuwa wanafungua peremende waliacha kufungua. Nilisahau kuona haya kwa muda, jambo ambalo si kawaida yangu.

Alipochomwa kisu Mama Kwaya alipaza sauti, "Yesu!" Ukumbi mzima uligeuka. Niliteremka kwenye kiti mpaka magoti yakagusa sakafu. Mwalimu akaendelea kufa, akiimba, muda mrefu sana.

"Amechomwa kisu na bado anaimba," Mama Kwaya alininong'oneza. "Hata nyumbani njo vile. Hamalizi."

Aliyeleta gazeti kanisani alikuwa Auntie wa Hodge Hill, Mkenya aliyekuwa akisali nasi, ambaye husoma kila karatasi inayoingia mlangoni kwake, hata matangazo ya madirisha. Lilikuwa gazeti la mtaa, la bure, na ukurasa wa ndani kulikuwa na maoni ya mtu aliyeutazama ule mchezo. "Aki, mwalimu wetu amekuwa celebrity!" aliita toka mlangoni, gazeti ndani ya mfuko wa plastiki lisilowe.

Mwalimu, ambaye Kiingereza alikizungumza lakini hakukisoma vizuri, alilileta kwetu jioni hiyohiyo nimsomee. Mdogo wangu ndiye anajua Kiingereza zaidi, lakini ukimwomba atafsiri anakurudishia Kiingereza kilekile kwa sauti kubwa zaidi. Kwa hiyo nilisoma mimi. Mwandishi alisifu mwanzo wa sauti yake, laini, usio na haraka. Alisifu ile sehemu ya juu, akasema ilipandwa bila jasho. Halafu akasifu kumkumbatia mpenzi.

"Rudia pale," Mwalimu alisema. Nikarudia. "Rudia tena." Mama alileta chai ikapoa. Hatimaye kulikuwa na binadamu mmoja Birmingham aliyejua kusema vizuri wapi. "Huyu mutu simujui," alisema, ameshika gazeti kwa ncha za vidole. "Lakini yeye ananijua."

Kosa lake ni kwamba alilizungusha. Alimwonyesha kila mtu, na katika kila mtu alikuwemo mzee wa nidhamu wa kanisa.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, wazee walibaki ukumbini, na Mwalimu na mkewe, na Auntie, na sisi. Juu ya vichwa vyetu bado kulikuwa na maputo ya sherehe ya mtoto wa Jumamosi. Mzee wa nidhamu alikuwa amelishika gazeti. Akaniita nitafsiri mbele ya wote ile sehemu ya kukumbatia, kwa sababu, alisema, Kimya hana tabia ya kuongeza maneno.

Nilitafsiri. Sauti yangu ilitoka kama ya redio yenye betri zinazokwisha. "Anapomchukua mikononi mwake, ukumbi unasahau kwamba ni mchezo. Hakuna aliyekuwepo ambaye angeweza kutilia shaka kwamba anampenda mwanamke huyu kwa moyo wake wote."

"Rudia," Mzee alisema. Na yeye! Nikarudia.

Alikunja gazeti. "Wandugu, mumesikia. Si maneno ya jirani mwenye wivu. Ni muzungu, hana shida na sisi, alikaa akaangalia, na ameshuhudia. Anamupenda. Kwa moyo wote."

"Mzee, ni mchezo," Mwalimu alisema.

"Kama ni mchezo, juu ya nini hakuna mutu alikuwa na shaka?"

"Juu nilicheza vizuri!"

"Ah," Mzee alisema, na wazee wengine wakatikisa vichwa, kwa sababu mtu alikuwa amekiri mwenyewe.

"Jamani, mimi nilidhani tutafurahi," Auntie alisema karibu kulia. "Si ni sifa? Kwetu mtu akiandikwa gazeti anachinjiwa mbuzi!"

Mzee alisema, kwa upole ambao ulikuwa mbaya kuliko ukali, kwamba mtu anayempenda mwanamke wa nje kwa moyo wote hawezi kusimama mbele ya kwaya ya Mungu. Mwalimu alikuwa ameijenga kwaya ile kutoka watu wanne na ngoma ya ndoo. Mitandio, tangawizi, kunyamaza kiwandani, vyote vilikuwa vya Jumapili. Opera ilikuwa Jumatano tu.

Wakamuuliza mke wake aliona nini. "Mimi nilikuwa naomba," alisema. "Nilifumba macho. Lakini Kimya alikuwa pale."

Watu wote wakanigeukia. Nilifikiria kuzimia, nikaona kwamba hata kuzimia kunavuta macho ya watu.

"Hakumwangalia," nilisema.

"Nini?"

"Yule mwanamke. Alimshika, lakini hakumwangalia. Macho yake yalipita juu ya bega lake, yakaenda kwa yule bwana anayeongoza wapiga vyombo kwa kijiti. Na kidole chake kimoja kilikuwa kinapiga mapigo mgongoni mwa yule mwanamke. Moja, mbili, tatu. Alikuwa anahesabu."

Yalikuwa maneno mengi kuliko niliyosema kanisani miaka yote ukiyajumlisha. Nilijivunia kwa muda wa pumzi moja. Mzee wa nidhamu alianza kutabasamu. Mama Kwaya alifunga mikono kifuani, "Asante Yesu." Na hapo Mwalimu akasimama, kiti kikaanguka nyuma yake.

"Nilimwangalia!"

"Baba, kaa," mkewe alisema, amemshika koti. "Mutoto anakuokoa."

"Ananiokoa kwa kuniambia sijui kazi? Kimya! Wewe, masikio yangu! Nilimwangalia! Muulizeni muzungu wa gazeti!"

Mzee alimtazama kwa huzuni ya kweli. "Mwalimu. Unataka tuamini gazeti?"

Nilimwona akiona mlango aliokuwa anaufunga. Angeweza kusema hapana, akarudi kwenye kwaya yake siku ileile. "Gazeti lilisema kweli," alisema, kisha akaenda kuokota kiti chake.

Basi wakamweka pembeni. Ataongoza kwaya tena, walisema, siku atakayosimama mbele ya kanisa aseme nani alikuwa sahihi, gazeti au Kimya. Niliandika kwenye shajara kwamba sitasema tena maishani mwangu. Kama ahadi ilikuwa rahisi mno. Ni kama samaki kuapa kwamba hatapanda ngazi.

Kwaya alipewa kijana mmoja mwenye kinanda kinachojipigia ngoma chenyewe. Kila wimbo ukawa na mwendo mmoja, hata wa msiba. Sauti ya kwanza ilipanda inakotaka, sauti ya tatu haikupanda kabisa. Mwalimu alikaa safu ya mwisho, karibu nami, hasemi nami. Kila noti iliyoteleza alishtuka mwili mzima, kama mtu anayeng'olewa jino bila ganzi. Mimi sikuinua mkono wala kuushusha. Hakuna aliyeniomba.

Sijui ni nini hatimaye kilimshinda, kiburi au kile kinanda. Jumapili moja, wakati wa shuhuda, akasimama. Alitembea mpaka mbele bila haraka, akavua mitandio, akaiweka kwenye kiti.

"Wandugu," alisema, "gazeti lilikosea. Mutoto alisema kweli. Nilicheza vibaya. Nilimushika yule mama kama mutu anabeba kabati. Macho yangu yalikuwa kwa bwana wa kijiti, juu niliogopa kupoteza mapigo mbele ya wale watu wote. Mapenzi hayakuwa. Kulikuwa woga." Kwenye neno la mwisho sauti yake ilikatika.

Kanisa likalipuka. Vigelegele, ngoma, viti vikasukumwa. Akina mama walimwendea na vitambaa wakamfuta uso, kama tunavyomfanyia mwimbaji aliyetugusa, mmoja baada ya mwingine, na Auntie akamfuta kwa gazeti jingine kwa sababu hakuwa na kitambaa. Mzee wa nidhamu alimkumbatia akalia. Hakuna wimbo aliowahi kuimba uliopokelewa hivyo. Alishangiliwa kuliko siku zote kwa kutangaza kwamba hajui kuigiza. Na kabla vigelegele havijaisha alikwishamgeukia yule kijana wa kinanda, anamwonyesha kwa kidole pa kukizima kinanda.

Sasa nina miaka kumi na saba na niko chuo, na tumehamia Lozells, tunasali kwingine. Wiki iliyopita nilimkuta kwenye basi la mjini, ghorofa ya juu, kiti cha mbele kabisa. Nilikaa karibu naye kabla sijapata muda wa kuogopa. Alisema kwaya ipo, imekua, wameongeza mwanaume mmoja wa sauti ya tatu ambaye hajui kitu. Opera aliiacha. Wale watu wa Jumatano walimpigia simu mara nyingi, mpaka wakachoka.

Nje watu walikuwa wanakimbia mvua na mifuko ya ununuzi vichwani. Kisha nikamuuliza jambo lililonikaa tangu Jumapili ile.

"Mwalimu, yale uliyosema mbele ya kanisa. Yalikuwa ya kweli?"

Hakushtuka. "Wewe uliyaamini?"

"Yote. Hasa pale sauti ilipokatika kwenye neno 'woga'. Hapo niliamini kabisa."

Alifikiri sana. Uso wake ulikuwa unafanya hesabu ndefu, na nikaanza kuifuata mwenyewe. Kama kanisani alisema kweli, jukwaani aliigiza vibaya. Kama jukwaani alimpenda yule mwanamke kama gazeti lilivyosema, basi kanisani, mbele yetu sote tuliolia, aliigiza kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona.

"Basi mahali pamoja kati ya hapo pawili," alisema mwishowe, "lazima nilikuwa muzuri sana."

"Wapi?"

Akacheka mpaka mwanamke wa kiti cha nyuma akainua kichwa.

"Usiniulize mimi, mutoto wangu. Mara zote mbili mimi nilikuwa nimesimama. Wewe njo ulikuwa umekaa."